Leo ni tarehe ngapi? Namna ya kuuliza siku na tarehe kwa Kiingereza

Swali la msomaji: "Mwalimu, shikamoo. Ninafanya kazi na watu wasiojua Kiswahili, kwa hiyo kutwa nzima ni Kiingereza. Juzi nilikuwa najaza fomu, nikamuuliza mwenzangu, 'What day is today?' Nilitaka tarehe. Akanijibu, 'Thursday.' Nikajaribu tena, 'No, how many is the date today?' Akanitazama kidogo, ndipo akaelewa. Niliona aibu sana. Tangu hapo nimeuliza watu, na kila mmoja ananipa sentensi yake: 'What is the date today', 'What date is it today', 'Which day is today', 'Today is what date'. Ipi ndiyo sahihi? Na kwa nini yule bwana alinipa siku wakati mimi nilitaka tarehe?"

Marahaba. Mwenzako alijibu sawasawa kile ulichomuuliza. Neno "day" katika swali la namna hiyo ni siku ya juma, yaani Jumatatu, Jumanne na wenzake. Neno "date" ni tarehe. Wewe ulitaja siku, akakupa siku. Hata kwa Kiswahili ungeuliza "Leo ni siku gani?" usingetarajia kuambiwa "kumi na mbili". Tofauti hii tunayo sote, ila mtu akihamia Kiingereza kwa haraka, huku kalamu ikiwa mkononi na fomu inamsubiri, ulimi unanyakua neno lililo karibu. Na "day" liko karibu zaidi, maana tumelizoea kuliko "date".

Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, lifikirie jibu kwanza. Unataka kusikia jina au namba? Ukitaka jina la siku, neno lako ni "day". Ukitaka namba ya siku ndani ya mwezi, neno lako ni "date". Wanafunzi wangu wengi wanakariri sentensi nne au tano bila kujua kila moja inaita jibu gani, halafu siku ya kuzitumia zinachanganyika. Aliyelishika jibu kwanza hachanganyikiwi, hata kama sarufi yake bado ina mapengo.

Chukua Krismasi na Pasaka uone. Tarehe ya Krismasi inajulikana, ni 25 Desemba kila mwaka. Kinachobadilika ni siku: mwaka 2024 iliangukia Jumatano, mwaka 2025 Alhamisi. Kwa hiyo Mwingereza anayepanga likizo yake anauliza, "What day is Christmas this year?" Pasaka ni kinyume chake. Siku inajulikana, ni Jumapili daima, lakini tarehe inahama: mwaka 2024 ilikuwa 31 Machi, mwaka 2025 ikawa 20 Aprili. Hapo swali linageuka kuwa "What date is Easter this year?" Ukiuliza "What day is Easter?" utaambiwa "Sunday", na hutakuwa umeongezewa chochote ulichokuwa hujui.

Kuna kisa kimoja cha historia ambacho kinanisaidia sana darasani, kwa sababu kinaonyesha kwamba siku na tarehe ni kamba mbili zinazokwenda sambamba, na moja inaweza kuruka huku nyingine ikiendelea na safari yake. Mwaka 1752 Uingereza na makoloni yake walihama kutoka kalenda ya zamani kwenda hii tunayoitumia leo, na kalenda yao ilikuwa imebaki nyuma siku 11. Watu walilala Jumatano tarehe 2 Septemba, wakaamka Alhamisi tarehe 14 Septemba. Siku za juma hazikuguswa. Alhamisi ilifuata Jumatano kama kawaida. Tarehe ndiyo iliyoruka. Aliyeuliza "What day is it?" asubuhi ile alipata jibu lililozoeleka. Aliyeuliza "What's the date?" lazima alishangaa.

Sasa tuje kwenye sentensi zako.

Kwa siku, sema "What day is it today?" au kwa kifupi "What day is it?" Hiyo ndiyo utakayoisikia zaidi kwa wenye lugha. "What day is today?" uliyoitumia wewe nayo ni sahihi, kosa lako halikuwa la sarufi hata kidogo. Kwa tarehe una tatu nzuri: "What's the date today?", "What date is it today?" na "What's today's date?" Zote ni za kawaida, na hakuna atakayekutazama mara mbili. Mimi ningekushauri ushike ile ya kwanza uizungumze mpaka izoee mdomo, kisha nyingine zitakuja zenyewe kwa kuzisikia.

"Which day is today?" haina kosa la kutisha, lakini inasikika ngeni. "Which" huulizia kuchagua kati ya vitu vilivyokwisha tajwa au vilivyo wazi mbele ya wote wawili. Mtu amekwambia ana nafasi Jumanne na Ijumaa, hapo "Which day is better for you?" inakaa mahali pake. Leo haichaguliwi, leo ni moja tu. Vilevile "What is today's day?" haisemwi, ingawa "What is today's date?" inasemwa. Usitafute sababu kubwa. Ndivyo lugha ilivyokaa.

Neno dogo linalowaponyoka wengi ni "the". "What is date today?" ni kosa, na ni kosa linalojirudia mno kwa wasemaji wa Kiswahili kwa sababu sisi hatuna neno la namna hiyo. Tarehe ya leo ni moja inayojulikana, kwa hiyo Kiingereza kinaidai "the": "the date". Sauti yake ya mwanzo unayo tayari, ni ile "dh" ya dhahabu. Iseme haraka na kwa wepesi, karibu na "dha", kisha uingie "date" bila kusita.

Neno jingine ni "it". Kwa Kiswahili tunasema "Leo ni Alhamisi", basi. Kiingereza kinaweza kusema "Today is Thursday", lakini mara nyingi kinasema "It's Thursday". Hiyo "it" haisimamii kitu chochote. Ni kiti kilichowekwa mwanzoni mwa sentensi ili nafasi ya mtenda isibaki wazi, maana Kiingereza hakivumilii sentensi ya namna hiyo isiyo na mtenda. Ndiyo hiyo hiyo ya "It's late", "It's raining", "It's five o'clock". Ukiikubali kama kiti kitupu, hutahangaika tena kuitafsiri.

Sasa ile "how many". Najua ilikotoka, na nataka uione vizuri kwa sababu hapa ndipo Kiswahili kinatuongoza kwenye mtego bila sisi kujua. Sisi tunauliza "tarehe ngapi". "Ngapi" ni neno la idadi: watu wangapi, viti vingapi, siku ngapi. Lakini katika tarehe hatuulizi idadi ya tarehe. Tunauliza namba ya hiyo moja. Kiswahili kinatumia neno lile lile kwa kazi zote mbili, na sisi tunaelewana bila taabu. Kiingereza kinazitenga kabisa. "How many" ni ya kuhesabu vitu tu. "How many days" ni siku ngapi, jibu lake ni "three" au "ten". "How many is the date" kwa masikio yao ni kama kuuliza tarehe ziko kiasi gani. Ndiyo maana mwenzako alikutazama kwanza. Tunafanya vivyo hivyo kwenye saa: "saa ngapi" imezaa "how many hours is it?" badala ya "what time is it?" Popote unapotaka kutafsiri "ngapi", simama kidogo ujiulize kama kuna vitu vya kuhesabu. Kama hakuna, tafuta "what".

Halafu kuna mpangilio. "Leo ni tarehe ngapi?" ina neno la swali mwishoni, na sisi tumeridhika hivyo. Ukiipanga sentensi ya Kiingereza kwa mfuatano huo huo unapata "Today is what date?" Waingereza na Wamarekani husema hivyo pale tu ambapo hawakusikia vizuri na wanataka urudie, na sauti inapanda kwenye "what". Ukiuliza hivyo mara ya kwanza wataelewa, ila itaonekana kama unashangaa. Neno la swali linakwenda mbele, kitenzi kinafuata, kisha "it": "What day / is / it?"

Lakini ukiwa umekwisha kuzoea mpangilio huo, kuna mahali unatakiwa uuache, na hapa wanateleza hata walioisoma lugha miaka mingi. Ukitaka kuuliza kwa adabu, hasa kwa mtu usiyemjua, unatanguliza "Do you know" au "Could you tell me". Kwa Kiswahili hakuna kinachobadilika: "Leo ni tarehe ngapi?" inakuwa "Samahani, unajua leo ni tarehe ngapi?" Maneno yale yale, mfuatano ule ule. Kiingereza kinageuka. "What day is it?" inakuwa "Do you know what day it is?" Umeona "is it" ilivyopinduka ikawa "it is"? Swali limekwisha kuulizwa na "Do you know" mwanzoni, kwa hiyo kile kinachofuata kinarudi kwenye mpangilio wa sentensi ya kawaida. Vivyo hivyo, "What's the date?" inakuwa "Could you tell me what the date is?" Na ukisema hujui: "I don't know what the date is." Isome kwa sauti mara kumi, usikie inavyomalizika kwa "is". Sentensi ya aina hii ikiishia kwa "is", mara nyingi umepatia.

Mtu akikujibu, atakujibu vipi? Kwa siku ni rahisi: "It's Thursday." Kwa tarehe, Kiingereza hakitumii namba za kuhesabia, kinatumia namba za mpangilio, yaani ya kwanza, ya pili, ya tatu. "It's the fifth", si "It's five". Sisi tuna mabaki ya jambo hilo hilo: tunasema "tarehe mosi" na wengi bado wanasema "tarehe pili", halafu kuanzia tatu tunarudi kwenye kuhesabu kwa kawaida. Kiingereza kimeshika utaratibu huo mpaka 31. Tarehe 1, 21 na 31 zinaishia na "first". 2 na 22 na "second". 3 na 23 na "third". Zote zilizobaki zinaishia na "th", zikiwemo 11, 12 na 13, ambazo watu huzikosea kwa kuandika "11st" au "12nd". Katika maandishi, "eighth" ina "t" moja tu, "ninth" imeangusha "e", na "twelfth" imebadilisha "v" ikawa "f".

Ile "th" ya mwishoni ndiyo ile ya thamani na thelathini. Unayo. Kazi ni kuiweka mwisho wa neno bila kuiongezea irabu, kwa kuwa Kiswahili hakipendi neno liishie na konsonanti. Jaribu "sixth" polepole: anza na "siks", ulimi uko nyuma ya meno ya juu, kisha uusogeze ncha itokeze kidogo kati ya meno na upulize. Usiseme "siksithi". Wenye lugha wenyewe huipitia haraka, kwa hiyo nawe usiikazie. Afadhali "th" hafifu kuliko irabu ya ziada.

Mwezi ukiongezwa, Mwingereza anasema "the fifth of May" lakini anaandika "5 May". Yale maneno "the" na "of" yanasikika, hayaandikwi. Mmarekani anatanguliza mwezi, anasema "May fifth" na kuandika "May 5". Zote ni sahihi, chagua moja uwe nayo. Wamarekani wenyewe wana tarehe moja wanayoiita kwa mtindo wa Kiingereza cha Uingereza: sikukuu yao ya uhuru, 4 Julai, kwao ni "the Fourth of July". Mashambulizi ya 11 Septemba 2001, kwa upande mwingine, dunia nzima inayaita "nine eleven", tisa kwanza kisha kumi na moja, kwa sababu Wamarekani wanaanza na mwezi.

Hapo ndipo fomu yako inapohusika, na ningependa uwe mwangalifu sana. Ukiona 03/04/2025, Mwingereza anasoma 3 Aprili. Mmarekani anasoma 4 Machi. Namba zile zile, mwezi mzima kati yake. Tarehe zinazozidi 12 zinajieleza, maana hakuna mwezi wa 13, lakini kuanzia 1 mpaka 12 huwezi kujua kwa kutazama tu. Fomu nyingi huandika herufi ndogo chini ya kisanduku: "dd/mm/yyyy" ni siku, mwezi, mwaka, "mm/dd/yyyy" imetanguliza mwezi. Ziangalie hizo kabla ya kuandika chochote. Kama hakuna herufi hizo, andika jina la mwezi kwa maneno, "3 April 2025", na hakuna atakayekusoma vibaya. Upo pia utaratibu wa kimataifa, ISO 8601, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, unaoanza na mwaka: 2025-04-03. Utaukuta zaidi kwenye kompyuta na majina ya mafaili. Kwa mdomo, swali la kuondoa shaka ni fupi: "Is that the third of April or the fourth of March?"

Mwaka wenyewe husomwa kwa vipande viwili: 1964 ni "nineteen sixty-four", 2024 ni "twenty twenty-four". Mwaka 2000 ni "two thousand", na 2005 ni "two thousand and five". Wamarekani wengi huiacha "and".

Kuna tofauti kati ya kuuliza leo ni lini na kuuliza jambo litakuwa lini, na imefichwa ndani ya neno "on". Leo ni Alhamisi: "It's Thursday." Mkutano ni Alhamisi: "It's on Thursday." Wengi huchanganya wakasema "Today is on Thursday", na hapo inasikika kama leo ni tukio lililopangwa kufanyika Alhamisi. Tukio linakaa juu ya siku, kwa hiyo linapewa "on": "on Thursday", "on 5 May". Mwezi na mwaka ni vyombo vikubwa zaidi, tukio linaingia ndani yake: "in May", "in 2026". Lakini ukisema "next Thursday", "last Thursday" au "this Thursday", achana na "on" kabisa. "On next Thursday" ni kosa la kila siku.

Swali la tukio mara nyingi halihitaji "day" wala "date"; "When is the meeting?" inatosha. Ukishapewa siku na unataka tarehe, ongeza "What date is that?" Ukishapewa tarehe na unataka siku, "What day is that?" Na ukitaka kujua tarehe 12 itaangukia siku gani, uliza "What day is the twelfth?" Angalia kwamba tumetumia "is", si "will be", ingawa bado haijafika. Kalenda imekwisha chapishwa, haisubiri kutokea. Kwa siku zilizopita tunasema "was": "What was the date last Friday?"

Kuzaliwa kunawasumbua watu zaidi kuliko inavyostahili. "Ulizaliwa lini?" inatoka kama "When did you born?" au "When are you born?" Yote mawili ni makosa. Tazama kitenzi chetu: kuzaa, kuzaliwa. Ile "w" inaonyesha kwamba ulifanyiwa na mama yako, hukufanya wewe. Kiingereza kinasema jambo lile lile kwa "was": "I was born on 3 March 1990." Swali ni "When were you born?" Ofisini watauliza "What's your date of birth?", mara nyingi imefupishwa DOB kwenye fomu, na hapo wanataka mwaka pia. "When's your birthday?" ni ya marafiki, wanataka siku na mwezi tu.

Majina ya siku nayo yana mtego kwetu. Sisi tunahesabu: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, halafu Alhamisi, neno la Kiarabu lenye tano ndani yake nalo, kisha Ijumaa. Kiingereza hakihesabu siku hata moja. "Sunday" ni ya jua, "Monday" ya mwezi wa angani, "Saturday" ya Saturn, na nne zilizobaki zimebeba majina ya miungu ya kale ya kaskazini mwa Ulaya: Tiw, Woden, Thor na Frigg. Usijaribu kuzitafsiri kwa namba. "Tuesday" haina uhusiano na "two", hata kama sikio linaisikia hivyo, ni Jumanne. "Wednesday" ina "d" isiyotamkwa, isome "wenzdei". Na zote zinaandikwa kwa herufi kubwa.

Nakuja kwenye jambo ambalo vitabu vya sarufi havilisemi, na limewagharimu watu ninaowajua. Kwa hesabu ya asili ya Kiswahili, siku inaanza jua linapozama. Ndiyo maana wazee wakisema "usiku wa Ijumaa" wanakusudia usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, na ndiyo maana watangazaji wakitaka kuondoa utata husema "usiku wa kuamkia Ijumaa". Kwa Kiingereza siku inageuka saa sita usiku, na "Friday night" ni usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Mzee akikwambia "usiku wa Ijumaa" nawe ukatafsiri "Friday night", umehama usiku mzima mbele.

Sasa itazame tiketi ya ndege iliyoandikwa "Friday 12 May, 00:30". Hiyo ni saa sita na nusu usiku. Tarehe 12 imekuwepo kwa nusu saa tu. Unatakiwa uwe umefika uwanjani tarehe 11, Alhamisi usiku. Mwanafunzi wangu mmoja alisoma "Friday", akafunga mizigo yake Ijumaa mchana, na jioni akaenda kuipanda ndege iliyokuwa imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Kiingereza alikijua vizuri tu. Alichokosa ni swali moja: "So that's Thursday night, right?" Kila unapoona saa iliyo kati ya saa sita usiku na alfajiri, uliza hivyo.

"Next Friday" nayo ichukuliwe kwa tahadhari. Leo ikiwa Jumanne, wapo wanaoielewa Ijumaa hii inayokuja, na wapo wanaoielewa ile ya wiki ijayo. Wenye lugha wenyewe hawajakubaliana, kwa hiyo usidhani wewe ndiye usiyejua. Uliza tarehe: "Do you mean the twelfth or the nineteenth?" Na unapopanga jambo wewe mwenyewe, taja vyote viwili, "Friday the twelfth". Ukikosea kimoja, kingine kitakushtua.

Mipaka ya muda tuipitie haraka. "Hadi Ijumaa" kwa kazi inayotakiwa kukabidhiwa ni "by Friday", si "until Friday". "Until" ni ya jambo linaloendelea bila kukoma mpaka siku hiyo. Ukisema utarudi baada ya siku tatu kuanzia leo, sema "in three days". Keshokutwa ni "the day after tomorrow", na juzi ni "the day before yesterday". Lakini juzi yetu ina maana mbili. Wewe mwenyewe umeniandikia "juzi nilikuwa najaza fomu", na huenda ilikuwa wiki iliyopita. Hiyo juzi isiyo na hesabu, kwa Kiingereza ni "the other day".

Na kama unaongea kwa simu na mtu aliye mbali, usishangae akiwa kwenye siku nyingine kabisa. "What day is it over there?" ni swali la kweli. Nchi ya Samoa ilipohamia upande wa pili wa mstari wa tarehe, ule mstari wa kufikirika katika bahari ya Pasifiki ambao ukiuvuka tarehe inabadilika, mwaka 2011, watu walilala Alhamisi 29 Desemba wakaamka Jumamosi 31. Ijumaa ile kwao haikuwepo.

Neno la tahadhari kuhusu "date" lenyewe: lina maana ya miadi ya kimapenzi pia. "What's the date?" haina tatizo kwa yeyote. "Do you have a date?" ukimwambia mwenzako wa kazi, atadhani unauliza kama ana mtu wa kutoka naye. Likiwa na "the" na likihusu leo au tukio fulani, liko salama.

Sasa rudi pale mezani kwako na fomu yako. Ulipojibiwa "Thursday", hukuhitaji kuanza swali upya. Wenye lugha wenyewe huteleza hivyo, wakitaja siku wakati wanataka tarehe, na wanajirekebisha kwa maneno machache: "Sorry, I meant the date." Au mafupi zaidi, sauti ikipanda kidogo mwishoni: "And the date?" Atakwambia "The twelfth", nawe utaandika 12.